Kikao cha kila mwezi cha wabunifu wa tovuti: mwongozo kamili wa kukianzisha na kukidumisha

Vikao vya watu wa tovuti kwa kawaida havifi kwa kukosa wahudhuriaji. Hufa kwa sababu cha kwanza kilikuwa kikubwa mno: ukumbi wa hoteli, fulana, bango la mdhamini, wazungumzaji sita. Cha pili waratibu wameshachoka, cha tatu kinaahirishwa, na kundi la WhatsApp linabaki la kutumiana salamu za sikukuu. Kwa hiyo usipange kikao cha kwanza. Panga kikao ambacho utaweza kukirudia mwezi wa nane tangu uanze, ukiwa umechoka na mteja hajakulipa.

Tunazungumzia kikao cha watu 15 hadi 30: wabunifu wa kurasa, wanafunzi, na watu wa frontendi, yaani wanaoandika HTML, CSS na JavaScript za kile mtumiaji anachokiona. Mifano ni ya Dar es Salaam, lakini mtu wa Mombasa au Mwanza atabadilisha majina ya vituo tu.

Watatu, si mmoja

Kabla ya kutangaza chochote, pata wenzako wawili. Mmoja ashike ukumbi na vifaa, wa pili mada na ratiba, wa tatu mawasiliano na fedha. Kila mmoja ajue pia kazi ya mwenzake mmoja, maana lazima kuna mwezi mtu atasafiri au atauguliwa. Angalau mmoja awe mbunifu anayeshinda kwenye Figma, programu ya kuchora kurasa, na mmoja awe mwandishi wa msimbo. Wote wakiwa watu wa React, ile maktaba ya JavaScript, baada ya miezi mitatu kila mada itakuwa ya React, na wabunifu wataacha kuja bila kusema neno.

Fungua barua pepe ya kikao, na akaunti zote zifunguliwe kwa anwani hiyo: fomu, hifadhi ya slaidi, ukurasa wa matangazo. Zikifunguliwa kwa jina la mtu, siku akihamia Arusha kikao kinahama naye.

Siku na saa

Chagua siku moja ya mwezi na usiiguse tena. Jumamosi ya pili ni nzuri: haigongani na mwisho wa mwezi, na mtu anaweza kuihesabu bila kuulizia. Jioni za siku za kazi huonekana rahisi mpaka ukumbuke kwamba anayetoka Posta saa 11 atafika Mwenge amechoka kwa foleni, swala ya Magharibi inaingia saa 12 na dakika zake, na msichana anayekaa Mbagala anaanza kuwaza usafiri wa kurudi kabla mada haijaanza.

Jumamosi saa 3:30 asubuhi hadi saa 6:15 mchana inakidhi mengi. Anayeswali Adhuhuri anatoka na kwenda moja kwa moja msikitini, na mwenye kazi za wateja anabaki na mchana wake. Wasabato utawakosa; kama mji wako una wengi, fikiria Jumapili alasiri. Mwezi wa Ramadhani usihamishe siku. Ondoa meza ya chai, kata zoezi la mwisho, malizeni mapema. Desemba pumzikeni, na mlitangaze hilo tangu Januari: nusu ya watu watakuwa njiani kwenda Moshi na kwingineko, na kikao cha watu wanne huvunja moyo kuliko mwezi usio na kikao.

Ukumbi: nenda ukauone saa ileile

Mahali pa kuanzia kuuliza ni vituo vya ubunifu na vyuo. Dar es Salaam kuna Buni Hub katika jengo la COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Kijitonyama, na kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko eneo hilohilo. Nairobi, iHub imekuwa ikikusanya watu wa namna hii tangu 2010. Ofisi ya kampuni ndogo yenye chumba cha mikutano nayo inatosha. Mgahawa usiupende sana: kelele, mwanga, na mwenye duka anayehesabu nani ameagiza nini.

Nenda Jumamosi, saa 3:30, si Jumatano mchana. Utagundua kama jua la asubuhi linapiga ukutani pa projekta, kama mlinzi ana ruhusa ya kufungua siku hiyo, na kama choo kina maji. Hesabu matundu ya umeme. Angalia projekta inaingiza HDMI au VGA peke yake. Uliza kama jenereta inawashwa wikendi, maana mara nyingi ipo lakini mtunza jengo aliye na ufunguo yuko nyumbani. Kama ni ghorofani na hakuna lifti, liseme kwenye tangazo ili mwenye ulemavu wa viungo asilione hilo akiwa chini ya ngazi.

Omba ukumbi kwa barua ya miezi sita, si ya mwezi mmoja mmoja. Mwenye ukumbi akikataa miezi sita, ni bora ujue leo.

Ratiba ya dakika 165

Saa 3:30 milango inafunguliwa. Saa 3:50 kukaribishana: kila mtu jina lake, anachofanya, na kitu kimoja kinachomkwamisha. Saa 4:00 mada ya dakika 20 na maswali dakika 10. Saa 4:30 kliniki ya tovuti mbili, dakika 20 kila moja. Saa 5:10 chai. Saa 5:30 zoezi la mikono. Saa 6:05 matangazo, saa 6:15 mnatoka.

Chai iko katikati kwa makusudi. Ikiwekwa mwisho, wenye haraka wanaondoka bila kuongea na mtu, na kufahamiana ndiko nusu ya faida. Anza saa 3:50 hata kama wamo watu saba. Ukisubiri “wengine wako njiani”, umewaadhibu waliowahi, na mwezi ujao nao watachelewa. Mwezi wa tatu hakuna anayeamini saa uliyoandika.

Mada moja tu, na iwe nyembamba

“Utangulizi wa CSS” si mada, ni muhula mzima. “Kwa nini menyu yako inafunikwa na picha, na z-index haisaidii” (z-index ni namba ya CSS inayoamua kipi kikae juu ya kipi) ni mada: ina tatizo, ina sababu, inaisha ndani ya dakika 20. Nyingine za ukubwa huo: kupanga kadi kwa subgrid (gridi ya ndani inayofuata mistari ya gridi ya nje), kutumia `:has()`, kiteuzi cha CSS kinachochagua kitu kwa kilichomo ndani yake, mahali ambapo zamani ungeandika JavaScript, kukabidhi faili la Figma ambalo mwandishi wa msimbo hatakupigia simu kuuliza rangi. Subgrid iko katika vivinjari vyote vikubwa tangu Septemba 2023, na `:has()` tangu Desemba mwaka huohuo, lakini mzungumzaji lazima aonyeshe pia kitakachotokea kwenye simu yenye kivinjari cha zamani.

Mzungumzaji mpya ajitolee wiki nne kabla, alete muhtasari wa sentensi tatu wiki mbili kabla, na apige mazoezi na mratibu mmoja siku tatu kabla. Mazoezi hayo hufichua lilelile karibu kila mara: nusu ya muda inaishia kwenye kujitambulisha na historia ya teknolojia. Ikate.

Maandishi kwenye kihariri cha msimbo yawe pikseli 24 au zaidi, na mandhari meupe. Mandhari meusi hupendeza kwenye kompyuta, ila projekta ya ofisi katika chumba chenye madirisha huyageuza kijivu juu ya kijivu. Projekta nyingi za zamani ni za pikseli 1024 kwa 768, kwa hiyo slaidi na ukurasa wa mfano vijaribiwe kwa upana huo. Kuandika msimbo mbele ya watu kunavutia, lakini awe na nakala ya kila hatua iliyokamilika. Kosa la herufi moja likikataa kuonekana kwa dakika mbili, afungue hatua inayofuata na kuendelea.

Kliniki ya tovuti

Hiki ndicho kinachowarudisha watu. Mada wanaweza kuipata YouTube. Mtu wa kuitazama tovuti yao kwa makini hawampati popote.

Wiki moja kabla, mwenye tovuti ajaze fomu yenye mambo matatu: anwani, watumiaji wake ni nani, na swali moja analotaka lijibiwe. Chagua mbili. Tovuti iwe yake au awe na ruhusa ya mteja. Kupasua kazi ya mtu asiyekuwepo ni umbea, si mafunzo.

Siku hiyo usiifungue kwenye kompyuta kwanza. Chukua simu ya Android ya bei nafuu, yenye RAM ya GB 2, ya aina ambayo baadhi ya watumiaji bado wanayo kweli. Ili wote waone, ingia kwenye mipangilio, gusa nambari ya muundo wa mfumo (Build number) mara saba ili menyu ya msanidi ifunguke, ruhusu USB debugging, chomeka simu kwenye kompyuta, kisha ufungue `chrome://inspect` kwenye Chrome na ubofye inspect chini ya jina la ukurasa. Ukurasa wa simu utaonekana kwenye projekta. Waya iwe ya data. Nyingi za mtaani huchaji tu, na hapo utapoteza robo saa ukilaumu kompyuta.

Dakika 2 mwenye tovuti anaeleza. Dakika 5 zinazofuata mtu ambaye hajawahi kuiona anapewa kazi moja, mathalani “tafuta bei ya kupeleka mzigo Dodoma”, na anaifanya akisema kwa sauti anachokiona. Mwenye tovuti hasemi kitu. Hapa ndipo pagumu: atataka kueleza kwamba kitufe kiko pale chini. Mratibu amzuie kwa upole, kwa sababu mtumiaji wa kawaida hatakuwa na mtu wa kumnong’oneza. Dakika 8 ni za maoni, na 5 za mwisho ni za kuandika marekebisho matatu. Matatu, si kumi na saba. Mwenye orodha ndefu hafanyi hata moja.

Maoni yawe na ushahidi. “Sipendi rangi hii” haihesabiki. “Kijivu hiki juu ya nyeupe hakifiki uwiano wa 4.5 kwa 1” inahesabika, kwa kuwa ndicho kiwango cha WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kwa maandishi ya kawaida; makubwa yanaruhusiwa 3 kwa 1. Vitu vya kugusa visipungue pikseli 24 kwa 24, kama WCAG 2.2 ya 2023 inavyotaka. Weka kipanya pembeni na upite ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab: unaona uko wapi? Kuza hadi asilimia 200: kuna maandishi yaliyokatika?

Kasi pimeni kabla ya siku yenyewe. Endesha Lighthouse, kipimo cha kurasa kilichomo ndani ya Chrome, katika dirisha la faragha, maana viendelezi vya kivinjari huharibu matokeo, na uiendeshe mara tano uchukue thamani ya katikati. Kipimo kimoja kinapanda na kushuka bila sababu iliyo kwenye msimbo wako. Malengo ya Google ni kitu kikubwa zaidi kionekane ndani ya sekunde 2.5, mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200, na kuhamahama kwa ukurasa kusizidi 0.1. Hilo la mguso Lighthouse haiwezi kulipima ikipakia ukurasa tu. Ndiyo sababu tunashika simu.

Kisha kuna makosa ya Kiswahili, ambayo mafunzo ya kigeni hayatayataja. Tazama mstari unaoanza na `<html`, mwanzoni mwa faili. Tovuti nyingi za Kiswahili zimeachwa na `lang="en"` iliyokuja na kiolezo. Lighthouse inaipitisha, kwa kuwa inaangalia kama alama ipo na ni halali, si kama inalingana na maandishi. Matokeo yake, programu ya kusomea wasioona inasoma “nyumbani” kwa matamshi ya Kiingereza, na kivinjari kinaweza kukosea kuamua kama ukurasa unahitaji kutafsiriwa. Weka `lang="sw"`.

La pili ni urefu wa maneno. Kitufe kilichochorwa kikiwa na neno la Kiingereza la herufi sita hakitabeba “Wasilisha maombi”, na kitenzi kama “hatukufanikiwa” hakivunjiki popote kwenye kadi nyembamba. Usiweke upana maalum kwenye vitufe. Acha nafasi ya ndani iamue, na maandishi ya kadi uyape `overflow-wrap: break-word`. Mbunifu achore kwa maneno halisi ya Kiswahili tangu mwanzo. Maandishi ya kujazia ya Kilatini yanadanganya.

Mwezi unaofuata mwenye tovuti apewe dakika 3 aonyeshe alichorekebisha. Asipofanya, asitiwe aibu, ila nafasi yake ya kliniki iende kwa mwingine.

Zoezi, na jinsi intaneti inavyoliua

Waratibu wengi hupanga zoezi linaloanza na `npm install`, amri inayopakua maktaba za msimbo kutoka mtandaoni. Piga hesabu: watu 25, kila mmoja MB 200, ni GB 5 kupitia waifai moja kwa wakati mmoja. Dakika 35 zinaisha kila mtu akitazama mstari unaosogea.

Chagua zoezi la HTML na CSS tupu, faili tatu au nne, fonti zikiwa ndani ya folda. Fonti ikiitwa kutoka kwenye seva ya nje, bila intaneti ukurasa utabadilika sura na watu watadhani wamekosea. Nakili folda kwenye flashi tatu. Njia safi zaidi ni ruta yako mwenyewe, hata bila laini: unganisha kompyuta moja, ingia kwenye folda, andika `python3 -m http.server 8000`, na wengine wafungue namba ya mtandao (IP) ya kompyuta hiyo kwenye vivinjari vyao, kwa mfano `192.168.1.5:8000`. Hakuna bando linalotumika.

Mambo matatu huikwamisha. Waifai ya ukumbi mara nyingi imezuia vifaa kuonana, ndiyo maana ruta iwe yako. Windows huuliza kama inaruhusu programu ipokee mtandao, na mtu akibofya hapana bila kusoma, hakuna atakayeiona. Na simu ikihisi waifai haina intaneti hurudi kwenye data yenyewe. Waambie wachague kubaki wameunganishwa.

Wapange wawili wawili, mbunifu na mwandishi wa msimbo, kompyuta moja. Hilo linatatua pia tatizo la asiye na kompyuta, bila kumuuliza.

Umeme

Beba ekstensheni nne za mita 5, na gundi pana ya kuzibandika sakafuni pale watu wanapopita. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Birika la umeme lisikae kwenye ekstensheni ya kompyuta: la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9 peke yake, na ekstensheni za bei rahisi zinaanza kunuka kabla hazijakatika. Kwenye mfuko huohuo weka adapta ya HDMI kwenda VGA, ya USB-C kwenda HDMI, waya mbili za data, na kalamu za ubao. Umeme ukikatika, kliniki inaendelea kwenye simu, watu wakikaa duara. Kwa hiyo kata mada, usikate kliniki.

Chai na fedha

Kwa kuwa ni bure, wengi watajiandikisha na hawatakuja. Miezi miwili ya kwanza andaa chakula cha nusu hadi theluthi mbili ya majina, kisha tumia hesabu yako mwenyewe. Lita 5 za chai ni vikombe 25 vya mililita 200. Kwa watu 25 agiza lita 8, maana wapo watakaoongeza, vitumbua au sambusa 60, na maji ya dumu yenye vikombe badala ya katoni za chupa. Agiza kwa mama mmoja wa jirani na ukumbi, Alhamisi, kwa malipo ya nusu. Atakuwa mwaminifu kuliko duka la keki.

Fedha zipite namba moja ya simu iliyosajiliwa kwa ajili hiyo, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye kundi kila mwezi, hata kama ni elfu kumi. Mdhamini akija, mpe alipie kitu kimoja kinachoonekana, chai au ukumbi, na atajwe kwa dakika 2. Usimuuzie mada. Dakika 20 za matangazo ya huduma ya kuhifadhi tovuti hukugharimu wahudhuriaji ambao hutajua walienda wapi. Vikundi vya WordPress vilivyokubaliwa rasmi na mradi huo hulipiwa ada ya Meetup.com, mkikubali masharti yake; kama wengi wenu mnajenga kwa WordPress, ulizieni.

Kundi, majina na mwenendo

Kuwe na makundi mawili ya WhatsApp: la matangazo, ambamo waratibu pekee wanaandika, na la mazungumzo. Likiwa moja, tarehe ya kikao itazama chini ya maombi ya kazi na viungo vya bahati nasibu. Tangazo litoke siku 14 kabla, siku 3 kabla, na asubuhi ya siku yenyewe likiwa na picha ya geti na jina la kituo cha daladala.

Kwenye fomu ya kujiandikisha omba jina, simu, na swali la chakula. Basi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Orodha ya namba za watu si mali ya kumpa mdhamini. Asiyetaka kupigwa picha apewe stika ya jina ya rangi tofauti, na mpiga picha aonyeshwe kabla ya kuanza.

Kanuni za mwenendo ziwe nusu ukurasa, zisomwe kila mara, na zitaje watu wa kuwaendea, akiwemo mwanamke mmoja. Andika waziwazi kwamba kumfuata mtu faragha kwa namba uliyoitoa kwenye kundi bila ridhaa yake kunamtoa mtu humo. Hilo ndilo linalotokea zaidi, na ndilo linalowafanya wanawake waje mara moja tu. Mwenye kujibu swali la mwanzoni kwa “hilo ni rahisi” naye aambiwe pembeni, kabla ya chai kwisha.

Jioni ya siku hiyo

Kabla hujalala tuma mambo manne kwenye kundi la matangazo: slaidi, folda ya zoezi, marekebisho matatu ya kila tovuti, na tarehe ijayo ikiwa na jina la mzungumzaji. Kisha kwenye daftari la waratibu andika waliojiandikisha, waliofika, wageni wa mara ya kwanza, na waliorudi. Namba ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Wageni wakiwa wengi na wanaorudi wachache kwa miezi mitatu mfululizo, mpigie simu mmoja aliyeacha kuja, muulize, na usimbishie anachokijibu.